Mdororo Hausubiri Andiko la Mradi

Duka la kwanza la Woolworths nchini Uingereza lilifunguliwa Liverpool mwaka 1909. Maduka ya mwisho yalifunga milango Januari 6, 2009. Kampuni ilikuwa imewekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwishoni mwa Novemba, na katika wiki sita tu maduka yake yote, zaidi ya 800, yalifungwa na wafanyakazi wapatao 27,000 wakabaki bila kazi. Ukigawa hesabu hiyo, kila duka lilikuwa na watu kama 33 waliovua sare zao bila kujua Jumatatu wataamkia wapi.

Kupoteza kazi kwa namna hii huzilemea ofisi za ajira kuliko kufungwa kwa kiwanda kimoja kikubwa. Kiwanda kikifungwa, watu elfu tatu wako mahali pamoja, wana chama chao cha wafanyakazi, mbunge wao atapiga kelele na waziri atafika. Maofisa wa ajira watapanga meza zao palepale kwenye ukumbi wa chakula na kumsikiliza kila mtu kabla hajatoka getini. Lakini watu 33 katika mji mdogo hawatangazwi na mtu. Wanaondoka mmoja mmoja, na kesho yake wanaikuta foleni iliyokuwa ndefu kabla yao.

Ofisi waliyoiendea ilikuwa ya Jobcentre Plus, iliyoundwa mwaka 2002 kwa kuunganisha kazi mbili zilizokuwa zikifanywa mbalimbali: kutafutia watu ajira na kuwalipa posho wasio na ajira. Mwanzoni mwa 2008 waliokuwa wakidai posho hiyo nchini humo walikuwa kama 800,000. Kufikia katikati ya 2009 walizidi milioni 1.5. Kabla ya hapo serikali ilikuwa katika mkondo wa kupunguza ofisi na watumishi, maana kazi zilikuwapo na foleni zilikuwa fupi. Ilibidi igeuke njiani. Novemba 2008 zilitengwa pauni bilioni 1.3 za nyongeza kwa huduma za ajira, washauri wapya wakaajiriwa kwa maelfu, na ile huduma ya kuwafuata wafanyakazi kazini kabla hawajaachishwa ikapanuliwa.

Sitasema foleni iliisha. Mshauri mpya hajui waajiri wa mji wake, na mahojiano ya dakika chache hayamtoshi mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka 20. Lakini tuone jambo lililowezesha hata hayo. Fedha zilizotangazwa Novemba ziliweza kugeuka mtu anayekaa nyuma ya meza kwa sababu meza ilikuwapo. Jengo lilikuwapo, haki ya posho ilikuwa imeandikwa katika sheria, na jina la kila mdai lilikuwa kwenye kompyuta. Serikali haikuhitaji kutunga mradi ili kujua nani amepoteza kazi wiki iliyopita.

Palipohitajika mradi mpya, mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine.

Wanauchumi Paul Gregg na Richard Layard walikuwa wamependekeza kwamba kijana aliyekaa muda mrefu bila kazi ahakikishiwe kazi yenye mshahara. Hawakulizua tu wazo hilo. Miaka michache nyuma, Gregg na Emma Tominey walikuwa wamefuatilia maisha ya Waingereza waliokaa bila kazi ujanani na kukuta kwamba katika umri wa miaka 42 bado walikuwa wakilipwa pungufu kwa asilimia 13 hadi 21. Kwa waliobahatika kutoikosa kazi tena baadaye, pengo lilikuwa dogo zaidi, asilimia 9 hadi 11, ila halikuziba. Kila ninapozisoma takwimu hizi huwafikiria vijana wetu wa Tanzania wanaomaliza vyuo na kukaa kijiweni mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku wakubwa wakiwaambia wawe na subira. Subira ina gharama yake, na anayeilipa ni kijana peke yake.

Bajeti ya Aprili 2009 ilitangaza Future Jobs Fund, mfuko wa kulipia kazi za vijana wa miaka 18 hadi 24. Mpangilio wake ulikuwa mwepesi kueleza. Serikali ingetoa hadi pauni 6,500 kwa kila kazi. Kazi iwe ya saa zisizopungua 25 kwa wiki, kwa miezi sita, mshahara usishuke chini ya kima cha chini. Iwe na manufaa kwa jamii, na iwe ya ziada, yaani isingekuwapo bila fedha hizo na isimng'oe mtu aliyeajiriwa tayari. Vijana wa kwanza walianza kazi Oktoba 2009.

Aprili mpaka Oktoba ni miezi sita, na mtu aliyewahi kushughulika na fedha za umma atakiri kwamba huo ni mwendo wa kasi. Halmashauri na mashirika ya hisani zilipaswa kuandika maombi, maombi yapimwe, mikataba isainiwe, wasimamizi wapatikane. Shirika la mazingira la Groundwork liliungana na shirikisho la vyama vya nyumba na kubuni kazi kwa maelfu: kutunza bustani za mitaa, kukarabati, kuhudumu katika ofisi za vyama hivyo. Kwa upande wa serikali ilikuwa haraka. Kwa kijana aliyetolewa dukani Januari, saa ilikuwa ikienda tofauti.

Hapa kuna jambo lililonishughulisha kuliko mengine yote katika mradi huu. Mwanzoni, kijana alistahili nafasi baada tu ya kukaribia mwaka mzima bila kazi. Waliopanga hivyo hawakuwa na roho mbaya. Katika nyakati za kawaida, wengi wanaopoteza kazi hupata nyingine ndani ya miezi sita bila msaada mkubwa. Ukimfadhili kila mtu siku ya kwanza, sehemu kubwa ya fedha itawalipia watu ambao wangejitafutia wenyewe, na itapungua kwa wale waliokwama. Kwa hiyo unasubiri, unaacha muda uwachuje. Hoja hiyo ni nzito, na hazina ya nchi yoyote ina haki ya kuileta mezani.

Lakini mchujo huo umetengenezwa kwa nyakati ambazo kazi zipo. Katika mdororo, waliokwama na waliosimama kwa muda wanafanana, kwa kuwa milango imefungwa kwa wote. Kumsubirisha kijana miezi kumi ili ithibitike kwamba hapati kazi, wakati kila mtu mtaani anajua kazi hakuna, ni kumwacha apate lile jeraha ambalo mradi umekuja kulizuia. Baadaye sharti lilishushwa, vijana wakaweza kuingia wakiwa wamekaa miezi sita tu. Ningependa kanuni kama hiyo iandikwe tangu mwanzo katika namna ambayo muda wa kusubiri unafupika wenyewe kadiri ajira zinavyopungua, bila kungoja waziri aone huruma.

Sharti la kazi kuwa ya ziada nalo lilizaa lake. Duka au kiwanda kilichokuwa kikihangaika kingewezaje kuthibitisha kwamba kazi fulani isingekuwapo? Halmashauri na mashirika ya hisani yaliweza, hivyo kazi nyingi zikawa huko. Wakosoaji wakasema hizi si kazi za kweli, ni za muda, ni za serikali, ni ghali. Uchaguzi ulipokuja na serikali ya muungano ikaingia madarakani Mei 2010, mradi ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Kundi la kwanza la vijana lilikuwa ndiyo kwanza limemaliza miezi yake sita. Kamati ya Bunge iliyoshughulikia kazi na pensheni iliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba wakati wa uamuzi hapakuwa na taarifa za kutosha kusema mradi umefaulu au umeshindwa. Nafasi za mwisho zilijazwa Machi 2011, na vijana zaidi ya 105,000 walikuwa wamepita humo.

Tathmini ya serikali yenyewe ilitoka Novemba 2012. Ikaonyesha kwamba miaka miwili baada ya kuanza, vijana waliopitia mradi walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa pointi 11 za asilimia, ya kuwa katika kazi isiyolipiwa na serikali, wakilinganishwa na wenzao waliofanana nao lakini hawakupitia. Hazina ilipoteza pauni 3,100 kwa kila kijana. Kijana alipata faida ya pauni 4,000, mwajiri 6,850, na jamii kwa jumla ikabaki na faida ya pauni 7,750. Hesabu hii ilipotoka, mradi ulikuwa umeshafungwa kitambo. Kufikia mwisho wa 2011 vijana wasio na kazi nchini humo walikuwa wamezidi milioni moja.

Kuna watakaosema tathmini ndiyo iharakishwe. Sikubaliani sana na hilo. Ukitaka kujua kama kazi ya miezi sita inabadilisha maisha ya mtu, lazima umwache aishi kwanza. Tatizo ni kuufanya mradi mzima kuwa kitu cha kuanza na kufa ndani ya bajeti mbili, kiasi kwamba matokeo yakija hayana mlango wa kubisha.

Wajerumani walikwenda kwa njia nyingine. Uchumi wao ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka 2009, kuliko wa Uingereza, lakini idadi ya wasio na kazi haikupanda sana. Walikuwa na utaratibu wa miongo mingi uitwao Kurzarbeit: kiwanda kinapunguza saa badala ya watu, na mfuko wa bima ya ajira unamfidia mfanyakazi asilimia 60 ya kipato halisi alichopoteza, au 67 akiwa na mtoto. Mei 2009 waliokuwa katika utaratibu huo walizidi milioni 1.4. Serikali haikubuni chochote. Ilirefusha muda wa malipo hadi miezi 24 na kumpunguzia mwajiri michango ya bima ya jamii, hasa kama angewapeleka wafanyakazi kwenye mafunzo katika saa zilizobaki. Tena Shirika la Ajira la taifa lilikuwa limejiwekea akiba ya zaidi ya euro bilioni 16 katika miaka mizuri. Akiba hiyo iliteketea, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Hata huko, upande wa mafunzo ulichechemea. Waliokwenda darasani walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Meneja hajui kama oda zitarudi wiki ijayo au mwezi ujao, na kozi iliyopangwa kwa muhula haikatiki vipande ili itoshee kwenye Alhamisi na Ijumaa za mtu. Sijaona nchi iliyolitatua hili vizuri.

Afrika Kusini ilijaribu kwa moyo wa kweli, na kwangu mfano wake unafundisha kuliko wa Ulaya kwa kuwa mazingira yake yanakaribia yetu. Februari 2009 serikali, waajiri, vyama vya wafanyakazi na jumuiya za kiraia walikubaliana namna ya kuukabili mtikisiko wa uchumi wa dunia. Moja ya hatua zake ilikuwa mpango wa mafunzo badala ya kuachishwa kazi. Mfanyakazi aliye hatarini angesimamishwa kwa muda, angebaki na mkataba wake, angekwenda kusoma, na angelipwa posho ya nusu ya mshahara wake wa msingi hadi kikomo fulani. Zilitengwa randi bilioni 2.4, kutoka mfuko wa taifa wa ujuzi na mfuko wa bima ya kukosa kazi. Fedha zilikuwapo, na wadau wote walikuwa wameketi meza moja.

Kisha tazama njia ambayo ombi lilipaswa kupita. Kampuni na wafanyakazi wakubaliane. Tume ya usuluhishi ya CCMA ipime kama tatizo ni la kweli na kama mpango utasaidia. Mamlaka ya ujuzi ya sekta husika, zile ziitwazo SETA, ikubali mafunzo na kumpata mtoaji. Mfuko wa bima utoe posho. Kampuni iwe haidaiwi tozo wala michango. Kila kituo kilikuwa na sababu ya kuwapo, kwa maana fedha ni za umma na wajanja hawakosekani. Ila kampuni inayoishiwa haiwezi kutembea vituo vitano ikiwa bado hai. Na katikati ya safari hiyo, shughuli zote za ujuzi zikahamishwa kutoka wizara ya kazi kwenda wizara mpya ya elimu ya juu na mafunzo, Novemba 2009, maofisa wakibadilisha bosi na pengine jengo. Mwaka huo nchi ilipoteza ajira zaidi ya 800,000. Waliofikiwa na mpango, hata miaka miwili baadaye, walikuwa maelfu machache.

Sijasikia kwamba kuna aliyeiba. Nasema hivyo kwa sababu Afrika Mashariki tumezoea kumtafuta mwizi kila mradi unapokwama, na mara nyingi yupo. Lakini mradi unaweza kukwama mikononi mwa watu waaminifu kabisa kwa kuwa hatua zake zilipangwa na watu wasiowahi kuwa na duka linalodaiwa kodi ya pango.

Kasi kwa upande wake haitoshi. Kenya iliionyesha mwaka 2020. Corona ilipofunga miji, serikali ilianzisha Kazi Mtaani katika wiki chache tu, Aprili, ikianza na mitaa ya makazi duni kama Mathare na Kibera. Awamu ya pili ilifika kaunti zote 47 na kulenga vijana zaidi ya 270,000. Walizibua mitaro, walifagia, walizoa taka, kwa shilingi 455 kwa siku zilizoingia kwenye simu, ingawa malalamiko ya malipo kuchelewa hayakukosekana. Fedha hizo zilinunua unga, na mwezi ule unga ulikuwa jambo la kwanza. Siwezi kuidharau shilingi iliyomfikia mtu mwenye njaa. Lakini kijana aliyezibua mtaro miezi sita alitoka akiwa na nini mkononi? Kenya ina mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, yenye uwezo wa kumpima fundi na kumpa cheti cha daraja lake, na inakusanya tozo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mwajiriwa. Kungekuwa na njia iliyochongwa mapema kati ya mtaro na chumba cha mtihani, aliyeonyesha mkono mzuri wa uashi au bomba angetoka na karatasi ya kumwonyesha mwajiri.

Tanzania tuna vipande vingi vya chombo cha kukabili mdororo, lakini havijaunganishwa. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulianzishwa mwaka 2008, mwaka uleule dunia ilipoanza kuyumba. VETA inarasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza kwa mjomba wake gereji anapimwa, anaelekezwa alipopungukiwa, anapata cheti bila kuanza darasa la kwanza la ufundi. Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018 kuna fao la kukosa ajira, lililozua ubishi mkali kwa sababu wengi walitaka kuchukua michango yao yote na kuondoka. Na kuna tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo mwajiri hulipa kwa asilimia ya jumla ya mishahara.

Hiyo tozo ndiyo inayonitia wasiwasi. Inafuata mishahara. Hoteli ikipunguza watu, tozo inapungua mwezi huohuo, yaani mfuko wa ujuzi unakauka kwa kasi ileile ambayo wahitaji wa ujuzi wanaongezeka. Zaidi ya hapo, biashara zikibanwa, kilio cha kwanza cha waajiri ni tozo ipunguzwe, na serikali husikia. Afrika Kusini iliisimamisha yake kwa miezi minne mwaka 2020. Siwalaumu waajiri waliolilia unafuu. Nalaumu utaratibu usioweka pembeni hata sehemu ndogo ya makusanyo ya miaka ya neema, ikafungwa kisheria, isiguswe mpaka ajira zishuke kwa kiwango kilichoandikwa.

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka uliofuata, wa corona, walikuwa 620,867. Nyuma ya pengo hilo kulikuwa na wapagazi wa Moshi, madereva wa Arusha, wapishi wa kambi, wahudumu wa vyumba. Wengi wao hulipwa kwa safari, hivyo hawana mkataba wa kuonyesha popote wala fao la kudai. Wengine wanaongea Kiingereza na Kijerumani walichookota njiani, wanajua huduma ya kwanza, wanaweza kupikia watu 12 kwenye mwinuko ambao maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na hawana cheti hata kimoja. Miezi ile ilikuwa nafasi ya kuwapima na kuwarasimisha kwa maelfu. Kufanya hivyo kungehitaji orodha ya majina, wapimaji waliokwisha kufunzwa, posho ndogo ya siku za mafunzo, na ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kusema tuanze.

Kwa bahati, utalii wa kaskazini una mdororo wake mdogo kila mwaka. Mvua za masika zikianza, Aprili na Mei, wageni hupungua sana mlimani na mbugani, kambi kadhaa hufungwa, na watu hurudi nyumbani kusubiri Juni. Vyama vya wapagazi na waongoza watalii vina majina ya wanachama wao. VETA ina vyuo Moshi na Arusha. TaESA ikikaa na vyama hivyo mwezi Machi, wapimaji wakaenda walipo watu badala ya watu kufuata chuo, makundi machache yanaweza kupimwa masika ya mwaka huu na mengine ya mwaka ujao, kwa fedha ambazo hazihitaji mfadhili. Katika kufanya hivyo itajulikana ni fomu ipi inachelewesha, ni sahihi ya nani haina lazima, posho inachukua siku ngapi kufika kwenye simu, na nani hajaandikwa kokote. Hayo Afrika Kusini iliyagundua ajira zikiwa zimeshapotea.